Maumivu ya Muundi: Mfupa Hujengwa Wakati wa Kupumzika

Upo ugonjwa mmoja unaowapata vijana wenye afya njema kuliko wanyonge. Hauletwi na mbu, wala maji machafu, wala baridi ya usiku. Huletwa na bidii. Kuruta anayeamka alfajiri kwa mchakamchaka, polisi anayejiandaa kwa mashindano ya riadha ya kikosi chake, mwanafunzi aliyechaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mbio za wilaya: hao ndio wanaokamatwa nao. Dalili yake ni maumivu ya muundi, yaani ule mfupa wa mbele wa mguu ulio kati ya goti na kifundo.

Kwa kuwa maumivu hayo hayana homa wala jeraha linaloonekana, watu wengi huyadharau. Mwenye nayo huogopa kuitwa mvivu. Naye mwenye kumwamuru hushuku kuwa anatafuta njia ya kukwepa kazi. Hivyo ndivyo jambo ambalo lingetibika kwa majuma machache ya uangalifu linavyogeuka kuwa mfupa wenye ufa, na kijana aliyetumaini kuhitimu pamoja na wenzake akabaki na magongo huku wao wakipiga gwaride la kufunga mafunzo.

Yafaa basi kila askari, kila mkufunzi na kila mzazi mwenye mtoto mwanariadha aelewe maumivu hayo ni nini, yanatoka wapi, na afanye nini yanapoanza.

MAUMIVU YENYEWE

Ukipitisha kidole upande wa ndani wa muundi, kutoka chini ya goti kushuka hadi karibu na kifundo, utahisi ukingo wa mfupa usiofunikwa na nyama. Sehemu ya kati na ya chini ya ukingo huo ndiyo inayouma. Maumivu yake hutanda kwa upana wa vidole vitatu au zaidi. Hayakai mahali pamoja kama mchomo wa mwiba. Aghalabu huanza katika mguu mmoja, na mara nyingi mguu wa pili hufuata.

Hila ya ugonjwa huu imo katika mwendo wake. Mwanzoni mguu huuma pale mbio zinapoanza, na mwili ukishapata joto maumivu hupungua, hata mkimbiaji akadhani kuwa amepona. Jioni yanarudi. Baada ya siku chache yanabaki tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho. Yakiachwa zaidi, hata kupanda ngazi au kutembea kwenda mezani huwa ni kazi. Mwenye hekima hulishughulikia jambo hili katika hatua ile ya kwanza, wakati ambapo maumivu bado yanakuja na kuondoka.

MFUPA NI KITU HAI

Watu wengi huufikiria mfupa kama mti mkavu au chuma: kitu kisichobadilika mpaka siku kitakapovunjika. Sivyo ulivyo. Mfupa ni kitu hai chenye damu na mishipa, nao hujijenga upya maisha yote kulingana na kazi unayopewa. Mtu akianza kukimbia, mfupa wa muundi hupinda kidogo sana kila mguu unapogonga ardhi, na misuli ya shavu la mguu huuvuta utando unaoufunika. Mwili hupokea habari hizo kama agizo: mfupa huu uimarishwe.

Lakini namna ya kuuimarisha ndiyo yenye siri. Fundi anayetaka kukarabati ukuta uliochoka hapaki lipu mpya juu ya ile iliyooza. Kwanza huibomoa ya zamani, kisha hujenga. Mfupa nao hufanya vivyo hivyo. Chembe fulani za mwili hutangulia kubomoa sehemu zilizochoka, kazi inayochukua kama majuma matatu. Nyingine huja nyuma yake kujaza mfupa mpya, na kazi hiyo huchukua kama miezi mitatu. Kwa hiyo, katikati ya safari hiyo, kiasi cha juma la tatu au la nne tangu mazoezi mapya yaanze, mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye mtego. Katika juma hilohilo la tatu au la nne, pumzi ya kuruta imekwisha kutengemaa, mapaja yamekaza, naye anajiona anaweza kukimbia mara mbili zaidi ya alivyoweza alipowasili. Moyo na mapafu hupata nguvu upesi. Mfupa huja polepole nyuma yao. Anayeongeza mwendo kwa kusikiliza pumzi yake peke yake huuacha mfupa njiani.

MAJESHI YALIJIFUNZA KWA GHARAMA

Habari hizi si mpya kwa watu wa jeshi. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, kwa jina Breithaupt, aliandika juu ya askari waliokuwa wakivimba nyayo na kupata maumivu makali baada ya matembezi marefu. Hakuwa na njia ya kuona ndani ya mguu, kwa hiyo hakuweza kujua asili yake. Mwaka 1895 mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua miale ya eksirei. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, daktari mwingine wa jeshi, Stechow, alionyesha kwa picha za eksirei kwamba mifupa ya nyayo za askari kama hao ilikuwa na nyufa. Kwa muda wote wa miaka 42 hakuna aliyeweza kuthibitisha kwa macho kile ambacho askari mwenyewe alikijua kwa mguu wake.

Tangu hapo majeshi mengi yamejaribu njia za kupunguza madhara hayo. Huko Australia, katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba makuruta wa kike walikuwa wakipata nyufa za mifupa ya nyonga kwa sababu walilazimishwa kunyoosha hatua zilingane na za wanaume warefu. Kasi ya matembezi ikapunguzwa kutoka kilomita 7.5 hadi 5 kwa saa, kila mmoja akaruhusiwa kutembea kwa hatua yake mwenyewe, na mbio za masafa zikabadilishwa kuwa mbio fupi zenye mapumziko. Makuruta wa kike waliopata nyufa hizo walipungua kutoka kama 11 katika kila 100 hadi chini ya mmoja.

Jeshi la Israel nalo lilihangaika na tatizo hili kwa miaka 25, likijaribu viatu vya namna mbalimbali na dawa. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2008, madaktari wake walieleza kwamba kilichosaidia hasa ni mambo mawili yasiyo na gharama: kupunguza jumla ya matembezi, na kuhakikisha kuwa kuruta analala usingizi wa saa 6 kwa uchache kila usiku. Nyufa za mifupa zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Fundisho lake ni wazi. Usingizi na kipimo cha kazi si anasa ya watu laini. Ni sehemu ya mafunzo yenyewe, kama vile kusafisha bunduki kulivyo sehemu ya kuitumia.

MUUNDI UNAOUMA NA MFUPA WENYE UFA

Ni lazima kutofautisha kati ya maumivu ya kawaida ya muundi na ufa wa mfupa, kwa maana la kwanza huweza kuzaa la pili, na matibabu yake hayalingani.

Katika maumivu ya kawaida, ukibonyeza kwa kidole utakuta eneo refu linalouma kiasi. Katika ufa, pana nukta moja, pengine ya ukubwa wa sarafu, ambayo ikiguswa tu mtu huruka. Maumivu ya kawaida hutulia mtu akikaa. Maumivu ya ufa hubaki hata akiwa kitandani, na huweza kumwamsha usiku. Mwenye maumivu ya kawaida aghalabu huweza kurukaruka kwa mguu mmoja ijapokuwa anakunja uso. Mwenye ufa hushindwa, au huruka mara moja akaacha. Asirudie jaribio hilo ili kuonyesha uhodari.

Jambo moja wengi hawalijui: picha ya eksirei ikipigwa mapema, katika majuma mawili au matatu ya mwanzo, mara nyingi haionyeshi ufa wowote hata kama upo. Picha safi, kwa hiyo, si hukumu kwamba askari anadanganya. Mguu ukiendelea kuuma mahali palepale, arudi hospitali achunguzwe tena, na kwa wakati huo asikimbie. Ufa wa muundi huhitaji kwa kawaida majuma 6 hadi 12 ya kuuhifadhi mguu, na ule ulio upande wa mbele wa mfupa huchukua muda mrefu zaidi na huweza kuuvunja mfupa kabisa ukipuuzwa.

Zipo pia dalili za hatari ambazo hazingoji kesho. Mguu ukikaza kama ngoma iliyowambwa, vidole vikifa ganzi, wayo ukishindwa kuinuka, na maumivu yakizidi kuliko jeraha lenyewe, hasa baada ya kupigwa teke au kuanguka, huenda msukumo ndani ya misuli umezuia damu. Apelekwe hospitali saa ileile, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa ili kuuokoa mguu. Vivyo hivyo shavu la mguu mmoja likivimba na kuwa la moto bila sababu, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

SIKU YA KWANZA YA MAUMIVU

Jambo la kwanza ni kusema. Kuruta asingoje mpaka achechemee mbele ya safu. Amwendee mkufunzi wake kwa heshima, na ampe taarifa kamili kama askari anavyotoa taarifa nyingine yoyote. Kwa mfano:

"Afande, muundi wangu wa kulia unauma tangu Jumatatu. Unauma upande wa ndani, huku chini. Ulikuwa ukituliza nikikimbia, jana haukutulia. Usiku hauumi."

Maneno hayo machache yanampa mkufunzi na mhudumu wa zahanati mambo manne muhimu: mahali, muda, mwenendo, na hali ya usiku. Ni bora mara kumi kuliko kusema "miguu inauma," neno ambalo kila kuruta husema kila siku.

Jambo la pili ni kuacha mara moja kile kinachouma: mbio, kuruka, na kugonga mguu kwa kishindo katika kwata. Jambo la tatu ni ubaridi. Barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe juu ya sehemu inayouma kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Isiwekwe moja kwa moja juu ya ngozi, maana huunguza. Pasipo barafu, kitambaa kilichochovywa katika maji ya mtungi na kubadilishwa kila kinapopata joto hutuliza vilevile.

MAMBO YA KUEPUKA

Katika makambi na nyumbani yapo matibabu ya mazoea yanayodhuru. Baadhi ya watu hukanda muundi kwa nguvu kwa maji yaliyochemka au jiwe la moto. Kukanda shavu la mguu taratibu hakuna ubaya, lakini kuukandamiza mfupa wenyewe huzidisha maumivu, na ngozi ya muundi huungua upesi kwa kuwa ni nyembamba. Wengine huchanja kwa wembe ili kutoa damu mbaya. Hakuna damu mbaya hapo ya kutolewa. Kinachoingia ni uchafu, na wembe unaopita kwa watu wengi huweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini.

Hatari iliyofichika zaidi ni vidonge. Ni jambo la kawaida kumwona kijana akimeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili aweze kukimbia. Dawa hiyo haiujengi mfupa. Inanyamazisha mlinzi tu. Mlinzi akizibwa mdomo, adui haondoki kwa sababu hiyo. Fauka ya hayo, dawa hizo zikinywewa kwa siku nyingi, hasa na mtu mwenye njaa au asiyekunywa maji ya kutosha, huweza kuchoma tumbo na kudhuru figo.

KUPUMZIKA SI KULALA

Neno mapumziko huwatisha wakufunzi, kwa kuwa wanaliona kuwa ni kijana aliyejilaza kivulini. Maana yake hapa ni nyingine: kuupumzisha mfupa huku mwili ukiendelea na kazi. Kuruta mwenye muundi unaouma anaweza kuendesha baiskeli ikiwa haimletei maumivu, kuogelea penye maji salama, kuvuta mwili juu ya bomba, kupiga pushapi, na kufanya mazoezi ya tumbo na mgongo. Anaweza kujifunza ramani, silaha na sheria. Akirudi katika safu baada ya majuma mawili au matatu, pumzi yake itakuwa haijapotea.

Wakati huohuo ayaimarishe mashavu ya miguu, maana misuli yenye nguvu huupokelea mfupa sehemu ya kishindo. Zoezi jepesi ni hili: asimame penye kidato cha ngazi kwa vidole vya miguu, ajishikize ukutani, ainuke taratibu kwa vidole, kisha ateremshe visigino polepole chini ya usawa wa kidato. Afanye hivyo mara 15, apumzike, na arudie hadi mara tatu, kila siku, maadamu haumii. Aongeze na kutembea kwa visigino hatua 30, huku vidole vikiwa juu. Mwisho aegemee ukuta, mguu mmoja nyuma umenyooka na kisigino kimekanyaga chini, ahesabu hadi 30, kisha abadilishe.

KURUDI MBIONI

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kurudi haraka. Maumivu yakishaondoka, mkimbiaji huona kuwa amechelewa, akataka kulipa deni lote kwa siku moja. Majuma mawili baadaye yuko palepale alipokuwa.

Kipimo ni hiki. Kwanza, muundi usiume ukibonyezwa. Pili, aweze kutembea kwa kasi nusu saa nzima bila maumivu, siku hiyo wala kesho yake. Tatu, aweze kurukaruka kwa mguu mmoja mara kumi bila kukunja uso. Akishavuka hapo, aanze kwa kuchanganya: dakika moja ya mbio za pole, dakika mbili za kutembea, kwa muda wa dakika 20, siku moja ndani na siku moja nje. Juma la pili, dakika mbili kwa mbili. Juma la tatu, dakika nne za mbio kwa moja ya kutembea. Maumivu yakirudi, arudi hatua moja nyuma, si mwanzo.

Makocha wana kanuni ya zamani kwamba jumla ya mbio za juma isizidi ya juma lililopita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Aliyekimbia kilomita 20 juma hili akimbie 22 juma lijalo. Kanuni hiyo si sheria isiyovunjika, lakini inamfaa mtu asiye na kocha. Wala asiongeze mambo mawili kwa pamoja. Akiongeza umbali, asiongeze kasi. Akiongeza mzigo mgongoni, apunguze umbali.

VIATU NA ARDHI

Watu wengi huvilaumu viatu kwanza. Ni kweli kwamba raba zilizoisha soli hazipunguzi kishindo, na makocha hushauri zibadilishwe baada ya kilomita kama 500 hadi 800. Ni kweli pia kwamba mtu mwenye wayo bapa, ambao huangukia ndani anapokanyaga, hupata maumivu haya upesi zaidi. Huyo husaidiwa na soli ya ndani yenye kuinua tao la wayo. Ila kiatu si kila kitu.

Abebe Bikila, askari wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme wa Ethiopia, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 akiwa miguu mitupu. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu. Alichokuwa nacho mara zote mbili ni miguu iliyozoezwa kwa muda mrefu. Kijana aliyekua akikimbia kwenda shule kila siku huko Kapchorwa huja kambini na mifupa iliyokwisha kujengwa tangu utotoni. Mwenzake aliyekua akipanda matatu mjini Kampala huja na mifupa isiyojua kazi hiyo. Wote wawili wanaweza kuwa askari wazuri. Ila wakipewa mbio zilezile siku ya kwanza, mmoja wao ataumia, wala si kwa sababu ya uvivu.

Kuhusu ardhi, nyasi na udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko lami na saruji. Barabara yenye mteremko pembeni huulemea mguu mmoja; akimbiaye huko abadilishe upande anaporudi, akichunga magari. Mbio za kuteremka mlima zina kishindo kikubwa kuliko za kupanda, kwa hiyo mwenye muundi mdhaifu apande akikimbia na ateremke akitembea.

CHAKULA CHA NYUMBANI

Fundi hajengi bila matofali. Mfupa unahitaji madini ya kalisi, vitamini D, protini, na chakula cha kutosha kwa jumla. Mwaka 2008 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa kwa makuruta wa kike wapatao 5,200 wa jeshi la majini la Marekani. Wale waliopewa kalisi na vitamini D kwa majuma 8 walipata nyufa za mifupa chache kwa kama sehemu moja ya tano kuliko wale ambao hawakupewa.

Familia ya askari haihitaji kununua vidonge vya bei ili kupata faida hiyo. Mukene, dagaa wale wadogo wa ziwani, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na kwa hiyo wana kalisi nyingi kwa bei nafuu. Maziwa, ufuta, uji wa ulezi na mboga za majani vinaongezea. Maharage, karanga na mayai vinaleta protini. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe ngozi inapopata jua. Askari anayelinda usiku na kulala mchana ajitahidi kupata jua la asubuhi kabla ya kuingia ndani.

Kwa wanawake liko jambo la kuangaliwa zaidi. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo huweza kukosa hedhi. Baadhi huona ni nafuu, wakaliacha jambo hilo. Kumbe ni ishara kwamba mwili umepungukiwa, na mifupa yake inaanza kuwa myepesi. Huyo aongeze chakula, apunguze mbio, na amwone muuguzi au daktari bila haya.

Wazazi nao wakumbuke kwamba si kila mguu wa mtoto unaouma ni wa mbio au wa kukua. Mtoto mwenye maumivu ya mfupa pamoja na homa, au mahali pamoja pamevimba na pana joto, au mwenye selimundu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

MKUFUNZI NA KURUTA

Ni haki kukiri kwamba mkufunzi ana kazi ngumu. Katika kila kundi hawakosekani wachache wanaojifanya wagonjwa, na asiyewatambua atajikuta hana wanafunzi uwanjani. Njia ya kuwatambua haiko katika kelele. Mkufunzi amwite kijana pembeni, abonyeze muundi sehemu mbalimbali huku akimzungumzisha habari nyingine. Mwenye maumivu ya kweli huruka palepale kila mara. Anayejifanya husahau mahali pake. Halafu ampe kazi nyingine nzito isiyotumia miguu. Mwenye nia ya kuhitimu ataifanya kwa moyo. Mkwepaji atapata ugonjwa mpya kabla ya jua kutua.

Mkufunzi mwenye busara hupanga pia majuma yake vizuri. Juma la tatu na la nne, ambapo mfupa uko katika ubomoaji wake, hupunguza matembezi ya mzigo na kuongeza masomo na shabaha. Hazidishi kuwaadhibu makuruta kwa mbio za usiku. Kuruta aliyeumia mfupa ni hasara ya posho, ya kitanda na ya miezi ya kazi, na kikosi hakipati chochote badala yake.

USHUJAA UNA MAHALI PAKE

Vijana wa Afrika Mashariki wamelelewa na habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka na kuumia goti, akaendelea, na akafika mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni habari ya kujivunia. Lakini wengi huitumia vibaya, wakidhani kuwa kila alfajiri ya mazoezi ni Mexico. Akhwari alivumilia siku ya mashindano, siku ambayo taifa zima lilikuwa limemtuma. Siku ya mazoezi haina medali. Kazi yake ni kumfikisha mtu salama katika siku ya mashindano.

Nchini Uganda vielelezo vya subira havikosekani, na wengi wao walivaa sare. John Akii-Bua, aliyekuwa askari polisi, alimaliza wa nne katika mbio za mita 400 kuruka viunzi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Alirudi mazoezini chini ya kocha wake Malcolm Arnold, na mwaka 1972 mjini Munich akashinda medali ya dhahabu kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ilichukua miaka 40 kabla ya Mganda mwingine, Stephen Kiprotich wa Idara ya Magereza, kushinda dhahabu ya Olimpiki katika marathoni ya London mwaka 2012. Joshua Cheptegei, naye wa polisi, aliongoza mbio za nyika za dunia mjini Kampala mwaka 2017 mbele ya watu wake, nguvu zikamwishia karibu na mwisho, akawa wa 30. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, alizishinda mbio hizohizo, na mwaka 2024 mjini Paris akatwaa dhahabu ya mita 10,000. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyejengwa kwa majuma manane.

Kuruta anayeanza leo hatakiwi kuwa Cheptegei. Anatakiwa amalize mafunzo yake akiwa na miguu miwili mizima, aweze kulinda raia wake kwa miaka mingi na kucheza na wanawe jioni. Akisikia muundi unauma, aseme siku ya kwanza. Akipewa mapumziko, ayatumie. Naye anayemwamuru akumbuke kuwa mwili wa askari hupata nguvu mara mbili kwa siku: mara moja anapofanya kazi, na mara ya pili anapolala.